Gundi au Uzi?

Baada ya upasuaji, jeraha linaweza kufungwa kwa uzi au kwa gundi ya ngozi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ukipakwa gundi, huna haja ya kurudi kutolewa nyuzi. Hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Kwa anayelipa nauli ya bodaboda kutoka vilimani, hilo si jambo dogo.

Lakini tafiti zilizolinganisha njia hizi zinaonyesha kwamba majeraha yaliyoshonwa huachana mara chache zaidi. Basi mkulima wa viazi anayewahi kurudi kwenye jembe, mimi ningempendekezea uzi. Gotini, kiwikoni na viganjani, hata usibishane na daktari: uzi. Jeraha lenye kina hushonwa ndani kwanza, gundi ikapakwa juu tu.

Ukipakwa gundi, usijipake mafuta ya mgando hapo; huilegeza. Usiikwangue wala kuiloweka. Na ile gundi ya dukani ya kubandikia viatu? Hapana kabisa, hata kwa mkato mdogo. Jeraha likitoa usaha, likivimba au likiachana, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.