Mshamba ni Nani?

Msikilizaji, kauli ya diwani kuhusu wakulima umeisikia, na kicheko kilichofuata ukumbini umekisikia. Hatutairudia. Kinachotukera sisi ni kile kicheko.

Maana tusi hili la kumwita mkulima mshamba lina ukoo mrefu. Waingereza wa kale walikuwa na neno ceorl: mtu huru wa kawaida, mlima ardhi, mwenye haki zake kisheria. Hapo hakuna aibu. Mwaka 1066 wakavamia Wanormani kutoka Ufaransa, wakatwaa ardhi, na wakulima wengi wakawa watwana kwenye mashamba ya mabwana. Mtu aliposhuka, jina lake likashuka naye. Ceorl likawa churl: mjinga wa shamba, hana adabu. Na jina Charles, usishangae, limetoka kwenye shina hilohilo! Moja likapewa wafalme, jingine likabaki tusi.

Neno jingine la Kiingereza, boor, mtu asiye na ustaarabu, linatokana na boer la Kiholanzi, yaani mkulima. Ndio haohao Makaburu wa Afrika Kusini. Villain, yule mwovu wa sinema, alianza kama mtumishi wa shamba la bwana. Mkulima, mkulima, mkulima. Nani aliyageuza haya kuwa matusi? Si mkulima. Ni aliyekula mavuno yake.

Nasi tusijitie usafi. Ushamba tumeutunga wenyewe, kwa Kiswahili chetu. Jembe tumelichora kwenye nembo ya taifa, lakini mwenye jembe akifika dirisha la malipo na stakabadhi ya mazao aliyouza msimu uliopita, karatasi imechanika kwenye mikunjo, anaambiwa njoo wiki ijayo. Akipaza sauti, mshamba huyo! Tulilisema mbolea ilipochelewa, tukalisema mizani ilipochezewa, tunalisema tena: mkulima alipwe. Wanaomdai adabu ndio anaowadai fedha.

Diwani anasema alikuwa anatania. Utani una wenyewe, mheshimiwa, na wapiga kura wako si watani zako. Rudi ukumbi uleule, ufute kauli mbele ya watu walewale. Nanyi mliocheka, ulizeni kwanza chakula cha mchana cha kikao kile kililimwa na nani.

Na wewe mkulima unayetusikiliza, usione haya. Nenda na stakabadhi yako, dai chako. Ukiambiwa wiki ijayo, uliza siku gani, na jina la anayekuambia liandike. Mkulima alipwe!