Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Ikicheza Mashine?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kuyasikiliza.)



Unapofungua redio usiku kungojea taarifa ya habari, sauti ya kwanza unayoisikia si ya mtangazaji. Ni muziki. Likija tangazo la saruji, chini yake kuna muziki. Kikija kipindi cha wakulima, muziki. Hata filamu fupi ya kuwavutia watalii waje kuona magofu ya Kilwa Kisiwani ina muziki wake. Muziki huo hauombwi kwenye salamu, wala hakuna anayeucheza harusini. Lakini yupo mtu aliyekaa kitako akautunga. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, kwa sababu riziki yake imeingia mashakani.

Biashara ya muziki wa namna hii ni ya siku nyingi. Jijini London kampuni ya De Wolfe ilianza kazi hiyo mwaka 1909, zama za sinema zisizokuwa na sauti. Kampuni kama hizo huweka ghala la muziki uliokwisha kutungwa: wa furaha, wa huzuni, wa mashaka, wa mapambazuko. Mwenye filamu hahangaiki kumtafuta mwanamuziki. Huingia ghalani, akachagua, akalipa. Na pale utaratibu unapofuatwa, mtunzi hupata chake kwanza anapoikabidhi kazi, kisha hupata mirabaha kila kazi hiyo inapotangazwa.

Huku kwetu Lindi, Kilwa Masoko, Nachingwea na kwingineko ghala la namna hiyo hatuna. Tulichonacho ni kijana mwenye kompyuta, kinanda na kipaza sauti, katika chumba alichokiziba madirisha kwa magodoro ili pikipiki za njiani zisisikike. Huyo ndiye anayetengeneza jingo la duka la dawa, jingo la nyumba ya wageni, wimbo wa mgombea udiwani na muziki wa kufungulia vipindi vya redio. Bei ni ya mapatano ya mdomo. Akishalipwa mara moja, basi. Jingo litapigwa mara kumi kwa siku kwa miaka mitano, naye hatapata senti nyingine.

Wakulima wa korosho mnaijua biashara hiyo kwa jina lake. Ni kangomba. Mtu ana shida, mlanguzi anamjia na bakuli lake kabla ya msimu, na mali inaondoka kwa bei ya kutupa. Tofauti ni kwamba kangomba ya korosho inapigwa vita na serikali, na mkulima ameletewa stakabadhi ghalani. Kangomba ya muziki inaendelea mchana kweupe, na wengi wetu hatujui hata kama ni kangomba.

Sasa katika hali hiyo dhaifu imeingia akili mnemba. Zipo programu, mashuhuri zikiwa Suno na Udio, ambazo mtu anaziandikia maneno machache tu: nataka muziki wa dakika moja, wa furaha, wenye ngoma na gita, wa kutangaza soda. Kabla hajamaliza kunywa chai yake, muziki uko tayari. Hakuna studio, hakuna mpiga gita, hakuna nauli ya mtu.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Mwenye kibanda cha chakula pale Somanga ambaye hakuwahi kuwa na fedha za kumlipa mtunzi, leo anaweza kuwa na tangazo lenye muziki. Redio ndogo ya wilaya yenye wafanyakazi wanne inaweza kuvipamba vipindi vyake. Na hata huyo kijana wetu mwenye studio anaweza kuitumia mashine kupata wazo, kisha akaliongezea mkono wake. Chombo hakina dhambi. Jahazi lililobeba pembe na watumwa ndilo lililobeba pia nguo na tende.

Lakini tuangalie hesabu. Mwezi Desemba 2024, CISAC, ambalo ni shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi, lilitoa utafiti wake. Lilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2028 watunzi wa muziki watakuwa katika hatari ya kupoteza karibu robo ya mapato yao kwa sababu ya mashine hizi. Na kwa upande wa maghala ya muziki, yaani biashara hii hasa tunayoizungumza, lilikadiria kuwa karibu asilimia 60 ya mapato yatakwenda kwa muziki wa mashine. Novemba 2025, kampuni ya Deezer ya Ufaransa, inayosikilizisha watu muziki kwa njia ya mtandao, ilisema kila siku inapokea nyimbo zipatazo 50,000 zilizotengenezwa na mashine tupu. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya nyimbo zote zinazoingia kwake.

Mwimbaji maarufu hatakuwa wa kwanza kuumia. Watu wanampenda yeye, sura yake na visa vyake. Atakayeanza kuumia ni yule asiye na jina, wa jingo la duka la dawa. Na hao ndio wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo, na ndio wanaowafunza vijana wengine kazi. Wapiga gita wengi wakubwa walianza na kazi ndogo za kuajiriwa kabla hawajajulikana. Ukiing'oa ngazi ya chini, usishangae kesho hakuna aliyefika juu.

Ndugu wasikilizaji, mashine hii imejifunzia wapi? Mashine haina bibi aliyeiimbia. Imesikilizishwa nyimbo za watu, mamilioni kwa mamilioni. Juni 2024 makampuni matatu makubwa ya muziki duniani, Universal, Sony na Warner, yaliwashitaki Suno na Udio huko Marekani. Agosti mwaka huo huo Suno wenyewe walieleza mahakamani kwamba mashine yao imefunzwa kwa makumi ya mamilioni ya rekodi, takriban kila muziki wenye ubora wa kutosha uliopatikana wazi kwenye intaneti. Wao wanadai sheria ya Marekani inawaruhusu. Kufikia mwisho wa mwaka 2025, Universal ilikuwa imekwisha kupatana na Udio, na Warner imepatana na wote wawili. Mnaona mambo yanavyokwenda. Waliokaribishwa mezani ni wenye wanasheria na wenye daftari linaloonyesha wimbo gani ni wa nani. Asiye na daftari hana cha kudai. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa watu wa Lindi jambo hili si geni. Mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi mwaka uliotangulia, havijazimika sawasawa, Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alishuka Lindi akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye vibomba vya nta. Akaenda bara, Masasi na Newala, akawaimbisha babu zetu mbele ya ile tarumbeta ya mashine, akarudi kwao na sauti zao. Hifadhi ya sauti ya Berlin, ambamo rekodi za nta za zama hizo zinatunzwa, iliingizwa na UNESCO mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini ni wangapi wetu tumewahi kuzisikia nyimbo hizo? Na nani leo, hapa Lindi, angeulizwa kama ingetakiwa kumfunzia mashine?

Miaka mitatu baada ya Weule wakaja wachimba mifupa. Kati ya mwaka 1909 na 1913, kutoka kilima cha Tendaguru, wapagazi walibeba vichwani na mabegani zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi ya kale hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kikipita mita 13, na watu hulipa kiingilio kumwona. Mnyama yule alipewa jina la mkurugenzi wa makumbusho, Branca. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua kazi ile kwa mikono yake, alingoja mpaka mwaka 2007 ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake. Karibu miaka 100. Yeye mwenyewe hakuwepo kulisikia.

Basi tusingoje miaka mingine 100 kwa habari ya muziki.

Kuna jambo jingine ambalo fedha haiwezi kulitengeneza. Si kila wimbo wetu ni wa sokoni. Nyimbo za unyago na za jando zina mahali pake, wakati wake na watu wake. Mwanamume haimbi za unyago, na mtoto hazisikii kabla ya siku yake. Leo kila mwenye simu anarekodi na kurusha mtandaoni. Kikishaingia huko, mashine haiulizi kama mwali amekwisha kutoka ndani. Kesho wimbo wa kungwi utakuja kuusikia chini ya tangazo la sabuni, umechanganywa na vinanda. Na kwa kuwa muziki wetu uliomo mtandaoni ni kidogo, mashine itauchanganya na wa kwingine, itupe kitu kisicho cha Kimwera wala cha Kimakonde, na watoto wetu watadhani ndicho.

Tufanye nini basi? Wazee wa Kilwa walituachia somo. Walifua sarafu zao za shaba, na juu yake wakaandika jina la sultani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, maelfu ya maili kutoka hapa. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Hakuna anayejua zilifikaje. Lakini zilijulikana ni za Kilwa kwa sababu zilikuwa na jina. Kitu chenye jina kinaweza kuzunguka dunia nzima na bado mwenyewe akatambulika.

Kwa hiyo nasema kwanza kwa watunzi: andikisheni kazi zenu COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na hailindi nyimbo za majukwaani peke yake. Jingo nalo ni kazi. Mkipatana na mteja, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari: litapigwa wapi, kwa muda gani, na kwamba halitatumika kufunzia mashine bila mapatano mapya. Mtu akikataa kuweka sahihi, umekwisha kumjua.

Pili, kwa sisi wenye redio. Tuandike kila siku tulichokipiga na nani alikitunga, maana bila orodha hiyo mirabaha haina njia ya kumfikia mtu. Tumtaje mtunzi wa muziki wa kipindi, hata mara moja kwa juma. Na mwenye redio anayeona mashine ni rahisi, ajue jambo moja. Huko Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilitamka Januari 2025 kwamba kazi iliyotengenezwa na mashine tupu, bila mkono wa mtu ndani yake, haina hakimiliki. Redio jirani ikiuchukua muziki wako wa namna hiyo, utamshitaki kwa lipi? Rahisi ina gharama zake.

Tatu, kwa maafisa utamaduni wa wilaya. Kaeni na manju, makungwi na wazee wa ngoma. Wao waamue kipi kirekodiwe na kipi kibaki porini na ndani. Kinachorekodiwa kiwe na jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Nakala moja ikae hapa hapa mkoani, si kila kitu kisafiri. Na serikali yetu iombe nakala za sauti za mwaka 1906, ili wajukuu wawasikie babu zao.

Mwisho, kwa watunga sheria. Sheria ya mwaka 1999 iliandikwa kabla ya mashine hizi. Iseme wazi kama mtu anaweza kuchukua kazi za Watanzania kufunzia mashine, kwa idhini ya nani na kwa malipo gani. Korosho haitoki ghalani bila stakabadhi. Wimbo nao usitoke.

Ndugu wasikilizaji, mcheza kwao hutunzwa. Ndivyo tulivyolelewa. Ngoma ikikolea mtu husimama, akaingia uwanjani na noti yake, akaibandika kwenye paji la uso la mpigaji lenye jasho. Mashine haina paji. Juma hili, ukisikia muziki mzuri chini ya tangazo, uliza ni wa nani. Likijulikana jina, mtunze.