Kufunga njia hakufungi haja: pikipiki, vumbi na haki ya kusafiri ku muji wa Goma

Maneno yaliyosomwa mbele ya wamotari, wamama wachuuzi, wanafunzi na wakaaji wa mitaa ya Goma, mwezi wa 12, 2024



Asante kwa kukubali kukaa nasi muchana huu. Tumechagua saa hii makusudi, juu wengi wenu munakaa mbali, na mukichelewa mutarudi nyumbani kwa miguu. Hilo peke yake linaeleza sababu gani tumewaita. Hatukuja kutukana mutu. Tumekuja kuongea juu ya sheria za barabara ku muji wetu: zinamugusa nani, zinamuacha nani, na sisi wakaaji tunaweza kuomba nini.

Tuanze na ginsi muji unatembea. Mabasi ya Goma yanafuata barabara kubwa. Ukitoka tu ku lami, unakuta mawe ya volkano. Kule ndani ya mitaa, Katoyi, Bujovu, Ndosho, Mugunga, kuko fasi nyingi zenye taksi haiwezi kuingia. Inaingia pikipiki, inaingia chukudu, na wengine wote wanapiga mguu. Pikipiki haikuletwa hapa na mupango wa leta. Ililetwa na vijana wenye walikosa kazi, wengine wakiwa na diplome mu mufuko, kwa mukopo ao kwa mapatano na mwenye chombo, ambaye motari anamupelekea hesabu yake kila jioni. Pale leta haikuweka usafiri, vijana waliuweka. Ukweli huo lazima usemwe mbele ya mengine yote.

Sasa tusikilize malalamiko juu ya pikipiki, na tuyasikilize bila kufunga masikio. Watu wanasema wauaji na wezi wanatumia pikipiki, wanapiga risasi na kukimbia. Ni kweli, tumezika watu kwa sababu hiyo. Wanasema wamotari wanabeba watu watatu, wanne, bila kaske, na lopitali zinajaa wenye kuvunjika miguu. Ni kweli pia. Wanasema pikipiki nyingi ni nzee, zinachoma mafuta ya moteri na kutoa moshi mweusi. Hiyo nayo tunaiona kwa macho yetu. Mutu anayetetea wamotari kwa kukana mambo hayo hawasaidii.

Lakini jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, na kila mara usalama unapozorota, hatua yenye tunasikia ni ile ile: pikipiki zisitembee tena jioni. Tujiulize, nani njo analipa bei ya hatua hiyo?

Analipa motari. Saa za jioni njo saa zake za faida: wafanyakazi wanarudi, masoko yanafungwa, wanafunzi wa jioni wanatoka masomoni. Ukimukatia saa hizo, mwenye pikipiki hapunguzi hesabu yake. Motari atatafuta pesa hiyo kwa kukimbia mbio zaidi muchana, kubeba watu zaidi, kulala kidogo. Kwa hiyo hatua yenye ilitafuta usalama inaongeza aksida.

Analipa mama mwenye anauza mboga ku soko la Virunga na anaishi Mugunga. Kama pikipiki lazima zisimame saa kumi na mbili, basi kila mutu anataka kupanda saa kumi na moja. Nauli inapanda palepale, bila mutu yeyote kuandika bei mupya. Mwenye hana pesa ya kuongeza anafunga meza yake mapema, saa yenye wanunuzi wanaanza kuja, ao anabakia na kurudi kwa miguu, kilometa kama kumi, mu giza, na faida ya siku yake mu kitenge. Mwizi hahitaji pikipiki kwa kumungojea huyo mama. Hatua inasema inatulinda usiku, na inatuma watu wasio na mulinzi ku barabara usiku.

Analipa mugonjwa. Uchungu wa kuzaa hauangalii saa. Ku mitaa yenye ambilansi haifiki, pikipiki njo ambilansi. Familia zinajua hofu hiyo: mama anaumwa, motari wa jirani iko tayari, lakini anaogopa kunyanganywa chombo chake ku bariere ya kwanza.

Na mwenye jeep yake analipa nini? Halipi kitu. Anapita saa moja, anapita saa tatu. Kuko hata zile jeep za vioo vyeusi na zisizo na plake, zenye hakuna polisi wa barabara anayethubutu kuzisimamisha. Wauaji wa muji huu hawakutumia pikipiki tu. Kifungu cha 12 cha Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006 kinasema Wakongomani wote wako sawa mbele ya sheria. Kama sheria ya barabara inasimamisha pikipiki na kuacha jeep isiyo na plake, basi inaangalia mufuko wa mutu, haiangalii usalama.

Wandugu, kufunga njia hakufungi haja ya kusafiri. Mutu mwenye lazima aende, ataenda. Atatafuta tu njia mbaya zaidi. Hatuhitaji mufano kutoka mbali. Barabara ya Sake na Minova ilipokatwa na vita mwaka huu, watu na vyakula havikuacha kusafiri. Vilipanda boti. Na tarehe 3 mwezi wa 10 tuliona wote yaliyotokea Kituku: boti kutoka Minova ilizama mbele ya macho ya wenye walikuwa wanangoja ndugu zao ku mwambao. Boti ilijaa kupita kiasi, ndiyo. Lakini ilijaa juu watu hawakuwa na njia ingine.

Kule Kinshasa pia, mwisho wa mwezi huo huo wa 10, serikali ilijaribu kuondoa msongamano kwa kufanya barabara kubwa kazaa zipitwe upande mumoja tu, zingine kwa zamu kufuatana na saa. Haja ya kupunguza msongamano ilikuwa ya kweli, kila mutu aliyefika Kinshasa anajua. Lakini mabasi hayakuongezwa kwanza. Watu walitembea kwa miguu masaa na masaa. Na kule kuko desturi ya zamani ya madereva kukata safari nusu-nusu, ili abiria alipe mara mbili kwa njia moja. Mwenye gari alizunguka na kulalamika. Asiye na gari alitembea. Sisi wa mashariki tuchukue somo: unaweka kwanza chombo cha kusafiria, nyuma yake njo unakataza.

Tuingie sasa ku vumbi na moshi. Wengine wanatuambia pikipiki lazima zipungue juu zinachafua hewa. Tunakubali kuongea juu ya hewa, tena tunaomba iongelewe yote. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba hewa chafu, ya inje na ya ndani ya nyumba, inaua watu karibu milioni 7 kila mwaka duniani. Hapa kwetu tuko na moshi wa mazutu, tuko na moshi wa makala mu jikoni, na juu yake vumbi la mawe ya volkano. Mvua ikikosa siku chache tu, kamyo moja inapopita ku barabara isiyo na lami, mutaa wote unafunikwa. Vumbi hilo linaanguka ku sambaza, ku nyanya, ku nguo zenye zimeanikwa, na mu kifua cha mutoto anayerudi masomoni. Mwenye jeep anafunga vioo na kuwasha klima. Mwenye anatoa vumbi na mwenye analipumua si mutu mumoja.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya kuishi fasi yenye mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7, 2011 iliwekwa ili kulinda mazingira. Na tangu 2008 kuko FONER, mufuko wa taifa wa kutengeneza barabara, wenye unapata pesa kutoka ku peaje na ku kila litri ya mafuta yenye inauzwa. Motari akinunua litri mbili za esanse asubui, amekwisha kulipia barabara. Huyo huyo mwenye anaitwa muchafuzi amelipia lami, lakini pikipiki yake inavunjika ku mawe. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza, bila matusi na bila kuogopa: pesa yenye ilitoka ku mafuta na ku peaje ya jimbo letu ilitengeneza kilometa ngapi, wapi, mwaka gani?

Tusisahau chukudu. Katikati ya muji wetu kuko sanamu yake, tangu 2009, na tunafurahi kupiga nayo picha. Chukudu hainywi esanse, haitoi moshi, inabeba viazi, makala na mbao za nusu ya muji. Lakini mwenye anaisukuma hana hata fasi ya kupitisha ubavu wake ku barabara. Tunaheshimu sanamu, tunasukuma mutu mu mutaro.

Basi tunaomba nini? Tumeandika mambo sita.

1. Kusikuwe na katazo lolote la pikipiki bila kuweka kwanza usafiri mwingine ku njia hiyo na ku saa hizo, kwa nauli yenye inajulikana na kubandikwa mbele ya watu.

2. Sheria iwe moja. Gari lisilo na plake lisimamishwe kama pikipiki isiyo na plake, hata kama ndani kuko mukubwa.

3. Kwa dharura za usiku, kila mutaa uwe na wamotari kazaa wenye wanajulikana kwa majina na namba ya gile, wenye ruhusa ya bure ya kupeleka wagonjwa na wamama wajawazito. Ruhusa hiyo ikiuzwa hata franka moja, haina maana tena.

4. Kipimo cha moshi kiwe cha vyombo vyote: pikipiki, mabasi, makamyo, na magari ya leta yenyewe. Makamyo ya muchanga na mawe yafunikwe, na yasipite mbele ya masomo saa ya watoto kuingia na kutoka.

5. Hesabu za peaje, za lamande na za kodi za wamotari zitangazwe kila miezi mitatu, zibandikwe ku komine ya Goma na ku komine ya Karisimbi, ili kila mutu azisome.

6. Kando ya kila barabara yenye inatengenezwa, kuachwe njia ya wenye miguu na ya machukudu.

Na kwenu wamotari, ndugu zetu, tunasema wazi. Haki yenu tutaitetea vizuri zaidi kama nanyi munatusaidia. Abiria mumoja, kaske mbili. Gile yenye namba inayosomeka. Mukigonga mutu, musikimbie. Mukimujua mwenzenu mwenye anakodisha chombo chake kwa wauaji, musimufiche, juu damu hiyo inaangukia kazi ya wote. Na mama wa soko akipanda na kikapo chake saa ya jioni, musimupandishie bei kwa kuwa munajua hana njia ingine. Kama tunalaumu wakubwa kwa kunyonya munyonge, tusifanye vile vile kati yetu.

Wakuu watatuambia kuko vita, kwamba huu si wakati wa kuongea juu ya mabasi na vumbi. Tunajua kuko vita. Tunaona kambi za wakimbizi Bulengo na Kanyaruchinya, tunasikia mizinga. Lakini ni kwa sababu ya vita njo watu wamejaa ku muji huu. Wakimbizi nao wanatafuta kibarua, wanatafuta maji, wanatafuta dawa, na barabara ni zile zile. Muji wenye umezungukwa unahitaji zaidi kwamba watu wake waweze kutembea salama na kupata mukate wao.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinamupa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakuu, peke yake ao pamoja na wengine, na kinawalazimisha wakuu kujibu mu miezi mitatu. Njo njia tumechagua. Barua yenye mambo yale sita iko hapa mbele, ku meza. Mwenye anajua kuandika atie jina na sinyature, mwenye hajui atie kidole. Asiyekubali jambo moja kati ya sita, aseme sasa mbele ya wote, tuongee, tubadilishe. Nyuma ya hapo tutaipeleka ku meri na ku guvernora, kwa amani, muchana, na tutaandika tarehe ya kuipokea ili miezi mitatu ihesabiwe.

Hatubebi fimbo, hatuchomi mipira ya gari: moshi wa mipira nao unaingia mu vifua vya watoto wetu. Siku ya jibu tutarudi kuwasomea jibu hilo neno kwa neno. Kama hakuna jibu, tutarudi pia, na tutakaa pamoja kuchagua hatua ya kufuata.

Sasa ni zamu yenu. Tuanze na wenye wanakaa mbali zaidi, ili wawahi kurudi.