Sanduku la kadi za besiboli na feza ya akiba yetu

(Maneno ya kamati ya akiba kwenye mkutano wa wanamemba, Baraka. Tunayachapa kwa ajili ya wandugu wa Fizi-centre, Mboko na Lweba ambao barabara iliwazuia kufika.)



Neno lililotuleta mnalijua. Kijana mmoja wa kwetu, aliyezaliwa kambini Nyarugusu na sasa anaishi Amerika pamoja na wazazi wake, ametuma ujumbe kwa WhatsApp. Anasema chama kitoe dola 600 kwenye akiba, yeye atanunua kule masanduku ya kadi za besiboli, atayaweka bila kufungua, na kisha miaka mitatu atayauza kwa bei mara mbili. Wengine wenu mlifurahi sana. Wengine mlisema hiyo ni kamari, tusiizungumze hata. Basi mkatuambia sisi wa kamati: nendeni mchunguze, mje mtueleze. Tumechunguza. Tumepiga simu kwa watoto wetu kule, tumesoma, tumefanya hesabu kwenye daftari.

Tuseme kwanza kwamba kijana huyu si mwizi. Anakipenda kitu hiki na alitaka kutusaidia. Yule aliyesema maneno mabaya juu ya mama yake pale sokoni, tunamuomba aache.

Sasa, kadi yenyewe. Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, Waamerika wanaupenda kama sisi tunavyopenda fut. Huku kwetu haujafika sana, lakini jirani zetu wa Uganda wanaucheza. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto, Little League, kule Pennsylvania, na ikanyimwa visa ju ya makaratasi ya umri yasiyolingana. Sisi tuliokaa kwenye mistari ya makaratasi tunaelewa kilio cha watoto wale. Mwaka uliofuata timu nyingine, ya Lugazi, ilifika kweli, ikawa ya kwanza kutoka Afrika. Na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza kwenye ligi kubwa ya Amerika.

Kadi ni karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, mbele picha ya mchezaji, nyuma hesabu zake. Zilianza zamani ndani ya paketi za sigara, zikisaidia paketi isikunjike. Baadaye zikaingia kwenye paketi za chingamu za kampuni ya Topps, na watoto wakawa wananunua chingamu ju ya kadi. Miaka ya 1990 ilipoanza, chingamu ikaondolewa ndani ya paketi. Ikabaki kadi peke yake, na watu wakaendelea kununua.

Uhondo wenyewe uko kwenye kufungua. Paketi imefungwa, huoni ndani. Unapasua, unatoa moja moja polepole, na nyingi ni za wachezaji wa kawaida ambao mtoto mwingine anazo kumi. Lakini siku hizi kampuni inachanganya humo kadi chache za pekee: zenye saini ya mchezaji, zenye kipande cha nguo yake, zenye namba kama 7/25, maana yake ziko 25 tu duniani na hii ni ya saba. Na ziko zile za 1/1, yaani haina mwenzake. Vijana wetu wanasema moyo unapiga kama mvuvi anayevuta wavu alfajiri bila kujua kama ndagala ziko. Tumeelewa. Ila tofauti iko: ziwani hakuna mtu aliyekaa biro akaamua mapema kwamba kati ya mitumbwi elfu ni mmoja tu utakaopata.

Na kweli mmoja hupata. Siku ya Noeli 2024 mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles alifungua paketi ya zawadi, akatoa kadi ya Paul Skenes, mrushaji wa timu ya Pittsburgh, yenye saini na kiraka cha jezi ya mechi yake ya kwanza. Ilikuwa moja tu. Timu ikamuahidi viti vya bure uwanjani kwa miaka 30 akiwapa ile kadi. Familia ikakataa, na Machi 2025 kadi ikauzwa mnada kwa dola milioni 1.11. Habari hii ndiyo iliyozunguka kwenye simu zenu. Habari za wale waliofungua paketi siku hiyohiyo ya Noeli wakapata vikaratasi tu hazikuzunguka, maana nani atasambaza habari hiyo?

Tumepokea pia manung'uniko ya baba mmoja: mtoto wa ndugu yake ametuma foto ya kadi akiandika «hii ni dola 900», na baba akaomba 200 za minerval, akanyimwa, sasa hawasemeshani. Tunaomba msikilize vizuri hapa. Ile 900 aliyoandika mtoto ni bei ambayo kadi kama hiyo iliwahi kuuzwa, ikiwa safi kabisa. Ili kuiuza kwa bei hiyo lazima kwanza uitume kwa kampuni ya kupima, kama PSA, ambayo inaangalia kona, kingo, picha kama iko katikati, halafu inatoa alama kutoka 1 mpaka 10. Kazi hiyo inalipiwa. Kadi ya 10 na kadi ya 8, kwa macho yetu hazina tofauti, lakini bei inaweza kushuka mpaka sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Ukiuza kwenye soko la mtandaoni, nalo linakata zaidi ya kumi kwa mia. Na mchezaji akiumia bega kabla hujauza, bei inaumia naye. Mtoto hakuwa na dola 900 mfukoni. Alikuwa na picha. Mzee wetu amfungulie simu mtoto wa ndugu yake.

Tufike kwenye yale masanduku.

Kijana wetu anasema kitu kilichofungwa hupanda bei, na anatoa mfano wa kadi ya Mickey Mantle ya 1952, iliyouzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Mfano ni wa kweli. Lakini tuliuliza ilikuwaje kadi hiyo iwe chache. Sy Berger, yule mtu wa Topps aliyezitengeneza, alisimulia mwenyewe kwamba zile za 1952 zilikataa kuuzika, zikajaa depo, na mwishowe, karibu mwaka 1960, akazipakia kwenye chombo, akaenda kuzitupa kwenye bahari ya Atlantiki. Kilichozipa bei ni kwamba hakuna aliyezitaka, zikatupwa, na watoto wakachana zilizobaki.

Sasa sikieni upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waamerika waliona kadi za wazee zinapata bei, basi kila mtu akanunua masanduku akayaficha bila kufungua, hesabu ileile ya kijana wetu. Kampuni nazo zikaona, zikachapa bila kiasi. Leo, miaka zaidi ya 30 imepita, masanduku mengi ya wakati ule yako kwenye nyumba za watu na hayafikii hata feza waliyotoa ukihesabu maisha yalivyopanda. Ndugu yetu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alianza kucheza basketi Amerika msimu wa 1991-92, katikati ya gharika ileile ya uchapaji. Jitu kama lile, lililojenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, na kadi zake za mwaka wa kwanza bado zinapatikana kwa dola chache. Haina maana kwamba Mutombo alikuwa mdogo. Zilichapwa nyingi, basi.

Tukiwa hapo, wazee wanamkumbuka Ndaye Mulamba, aliyefunga magoli 9 kwenye Kombe la Afrika 1974, na mpaka leo hakuna aliyemfikia katika kombe moja. Mwaka uleule Zaire ilikwenda Kombe la Dunia, na picha za timu ziliuzwa ndani ya bahasha za Panini huko Ulaya. Watoto wa Ulaya walibandika Wazairwa kwenye albamu. Ndaye mwenyewe aliishia ukimbizini Afrika Kusini, na mwaka 1998 wakakaa kimya dakika nzima kumuombolezea naye yu hai. Bei ya picha na maisha ya mwenye picha hazitembei njia moja.

Jambo lililotuogopesha zaidi ni lakiri. Sanduku lina thamani ju halijafunguliwa. Je, utajuaje kilichomo? Ukifungua uhakikishe, umeua bei. Usipofungua, umeamini nailoni. Wako watu wanaofungua paketi kwa ustadi, wanatoa nzuri, wanafunga tena. Mwaka 2022 yule Logan Paul wa YouTube alifungua mbele ya kamera kasha la kadi za Pokémon alilolinunua dola milioni 3.5, kasha ambalo wataalamu walikuwa wameshalithibitisha, akakuta ndani kadi za G.I. Joe, zisizo na kazi. Kama mtu wa milioni anadanganywa, sisi wa dola 600, tukiwa Baraka na sanduku liko Amerika, tutamshitaki nani? Kwenye tribinali gani?

Na sisi kadi tunazijua, wandugu. Miaka mingi kambini tulilala na kadi ya posho chini ya kichwa. Mtoto akiilowanisha, nyumba nzima inalia. Ilikuwa na bei ju nyuma yake palikuwa na unga, maharage na mafuta. Kambi ya Lugufu ilipofungwa mwaka 2009, kadi ileile, na matundu yake yote, ikawa karatasi. Wengine mnazo bado ndani ya sanduku la nguo. Mkijiuliza kadi ya besiboli ina nini nyuma yake, jibu ni moja: mtu mwingine anayeitaka siku hiyo. Akiwepo, ni mali. Asipokuwepo, hamna biro la kwenda kulalamika.

Msifikiri tunauponda mchezo wenyewe. Kuna upande wake tuliupenda, na mwalimu mmoja wa kwetu alitufanyia hesabu yake. Tuseme picha ziko aina 20, kila paketi ina picha moja, zote zimechanganywa sawa. Mtoto anayenunua peke yake, mpaka azipate zote 20, atanunua kwa wastani paketi 72. Mwanzoni ni rahisi, lakini ile ya mwisho peke yake inakula paketi 20. Sasa watoto kumi wakikaa chini ya muembe wabadilishane zilizojirudia, kila mmoja akamilishe zake: wastani unashuka karibu nusu ya hapo. Kampuni ni ileile na paketi ni zilezile, na hakuna aliyeongeza franka. Watoto wetu kule wanatuambia sehemu tamu ni hiyo ya kubadilishana, na kwamba ndiyo iliyowapa marafiki wa kwanza shuleni kabla hawajajua Kiingereza. Mzazi anayemgombeza mtoto kwa simu kwamba anapoteza feza kwa vikaratasi, aulize kwanza: anafungua peke yake chumbani, au anabadilishana na wenzake? Kama ni peke yake, na kila wiki, na anakopa, hapo gomba.

Basi, pendekezo la kamati. Akiba ya chama ina kazi zake zilizoandikwa: jeneza, hospitali, na mikopo midogo ya nyavu, mbegu na biashara ya sokoni. Mkopo wa wavu unarudi kila mwezi, na mkopaji tunamfahamu nyumba yake. Dola 600 zikilala miaka mitatu ndani ya sanduku Amerika, na katikati tukapata vifo viwili kwa mwezi mmoja, tutawaambia nini wafiwa? Kwa hiyo tunasema feza ya akiba isiende. Mwanamemba anayetaka kujaribu kwa feza yake ya mfukoni, ajaribu, ila asitumie jina la chama wala muhuri wetu. Na kijana tumemuandikia barua ya kumshukuru, tukamuomba jambo lingine: atutumie zile kadi za kawaida zilizojirudia, ambazo kule hazina bei, mtu yeyote atakayekuja likizo azibebe. Watoto wa hapa watapata za kubadilishana.

Kura itapigwa mkutano ujao, kwa kuinua mkono. Hesabu zote ziko kwenye daftari kwa katibu. Anayetaka kuziona aende siku yoyote kisha saa nane.