Njia ya Pamoja Kisinga ni Mali ya Nani?
Njia inayokatiza kati ya viwanja huko Kisinga, wilayani Kasese, haigeuki mali ya umma kwa sababu tu bodaboda na wabeba kahawa huipita kila siku. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imewakabidhi wananchi ardhi. Kwa hiyo njia ambayo haikutengwa kwenye ramani kwa kawaida hubaki mali ya aliyegawa viwanja. Haki ya mnunuzi wa kiwanja kuipita huwa imara inapoandikwa kwenye mkataba, pamoja na upana wa njia na anayegharimia matengenezo. Jirani akikataa kutoa njia, sheria humruhusu mwenye kiwanja kilichozingirwa kuomba idhini ya kupitisha barabara, kwa kulipa fidia. Mnunuzi aione njia ikipimwa kabla ya kutoa fedha.