Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kujitolea na Kuthubutu Baada ya Saratani

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo ya muuguzi wa kaunti mbele ya wakazi wa Kilifi, wahudumu wa afya ya jamii na familia zilizopitia saratani.

 

Mara nyingi sisi wa idara ya afya tukija kwenu huzungumzia uchunguzi. Tunawahimiza kina mama wapimwe saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, na wanaume wapimwe tezi dume. Hayo tutaendelea kuyasema, maana kila mwaka zaidi ya Wakenya 40,000 hugunduliwa kuwa na saratani, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Lakini leo nataka tumzungumzie yule ambaye amekwisha kutibiwa. Amepasuliwa, amepewa kemotherapi, amechomwa mionzi, kisha amerudi nyumbani. Je, sasa ni nani? Na sisi tunamfanyia nini?

Wakati wa matibabu kalenda ya mgonjwa hujaa. Leo damu, kesho picha, wiki ijayo dawa. Kuna nauli ya kutafutwa, kuna mchango wa ukoo, kuna simu za kila jioni. Halafu siku moja daktari anasema, "Rudi baada ya miezi mitatu." Nyumba nzima inashangilia. Wageni wanapungua, simu zinapungua, na mtu anabaki na mwili asioujua vizuri. Ana uchovu ambao usingizi hauuondoi. Vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mkono wa upande uliopasuliwa ni mzito. Kichwa kikimuuma kidogo tu, usiku mzima hajalala, anajiuliza kama ugonjwa umerudi.

Sisi tunaompenda ndio tunaomwambia, "Kaa, dada, usijisumbue." Ndoo ya maji tunamnyang'anya. Shamba amelimiwa na wengine. Kwenye chama nafasi yake ya mweka hazina imekwenda kwa mwingine. Kama ni fundi wa nguo, wateja wamehama. Kila mmoja ametenda kwa huruma, na huruma hizo zikijumlishwa zinakuwa ukuta. Mtu ameponyoka mikononi mwa kifo, kisha sisi tumemweka kivulini kama chombo kilichopasuka.

Wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile si adhabu. Mgeni akipewa jembe ajue kwamba sasa ni mtu wa nyumbani, na kazi ya nyumba hii inamhusu. Ninachokuja kuwaomba leo ni hicho. Siku mbili za pole tumempa aliyetoka kwenye saratani, na alizistahili. Siku ya tatu imefika. Tumpe jembe.

Majembe ninayoyazungumzia ni mawili. La kwanza ni kazi ya kujitolea kwa ajili ya wengine. La pili ni kuthubutu, yaani kutoka na kujaribu jambo gumu kidogo ambalo mwili na moyo vilikuwa vimelikatia tamaa.

Nianze na kujitolea. Mwaka 1952 kule New York, Marekani, mwanamke aitwaye Terese Lasser alikatwa titi kwa sababu ya saratani. Alitoka hospitalini bila mtu wa kumweleza maisha yatakuwaje baada ya hapo. Akaamua kwamba mwingine asiondoke hivyo. Alianza kutembelea wanawake waliopasuliwa, amebeba mpira mdogo na kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono, na kuwaonyesha kwa macho yao kwamba yeye anatembea, anavaa vizuri na anaishi. Wapo madaktari ambao hawakumtaka wodini. Lakini kazi yake ilikua, na mwaka 1969 ikachukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani. Leo mpango huo wa kutembeleana uko katika nchi nyingi.

Hapa kwetu tunalo somo la karibu zaidi. Wakati ukimwi ulikuwa unatajwa kwa kunong'onezana, Joe Muriuki alijitokeza hadharani na kusema anaishi na virusi. Baadaye wengi wengine wakasimama. Kina mama wanaoishi na virusi wakawa washauri wa kina mama wajawazito kliniki, na mjamzito aliyekuwa na hofu akamwona mwenzake mwenye mtoto mwenye afya. Hofu ilipungua kwa dawa, na ilipungua pia kwa kuwaona watu walio hai.

Saratani bado haijafika hapo. Kila jirani anaweza kuwataja waliokufa kwa saratani kijijini. Waliopona hawajui, kwa sababu wamejificha au tumewaficha. Ndiyo maana mama anayehisi kivimbe kwenye titi anakaa nacho mwaka mzima. Anaamini kwamba kupimwa ni kuhukumiwa. Mtu mmoja aliyepona akikaa naye jikoni nusu saa anaweza kumfikisha zahanati haraka kuliko mabango yetu yote.

Kazi zipo. Mgonjwa mpya anahitaji mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza ya dawa, anayejua foleni iko wapi na kwamba ni vizuri kubeba leso, maji na chakula chepesi. Mzazi anayesita kumpeleka binti yake kupata chanjo ya HPV, ambayo Kenya iliianzisha Oktoba 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10, anahitaji kumsikia mama aliyeuguza mlango wa kizazi. Familia isiyojua kujisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inahitaji mtu aliyekwishapita njia hiyo.

Lakini tusidhani kila aliyepona lazima azungumzie ugonjwa wake. Wengine wamechoka nao. Mmoja ataona afadhali kupanda mikoko pale Mida, mwingine kufundisha watoto kusoma jioni, mwingine kuweka hesabu za kikundi cha maji. Hayo nayo ni majembe.

Kuna masharti ambayo vikundi lazima viyashike. Kwanza, anayejitolea ni yeye mwenyewe, hasukumwi na mchungaji, shehe, chifu wala muuguzi. Asipigwe picha wala jina lake lisitajwe bila idhini yake. Pili, siri ya mgonjwa haitoki. Tatu, aliyepona si daktari. Atasimulia yaliyompata yeye, hatamwambia mwenzake aache dawa wala hatamuuzia mitishamba. Nne, kujitolea si kujifilisi. Nauli ya matatu au bodaboda na chakula cha mchana kikundi kitafute, kwa sababu wengi wametoka kwenye matibabu wakiwa wameuza hata mbuzi. Tano, apumzike atakapo. Anayewatembelea wagonjwa atafikiwa na siku ya kumzika mmoja wao, na hofu yake itaamka upya. Siku hiyo yeye ndiye wa kutembelewa.

Sasa niingie kwenye kuthubutu. Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi za kwapani walionywa wasiutumie mkono ule kwa kazi nzito za kurudiarudia, kwa hofu kwamba utavimba na usipone. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliamua kuipima imani hiyo. Aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti, akawazoesha pole pole, kisha wakapanda mashua ndefu za mashindano na kupiga kafi. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Walichokipata ni nguvu, kicheko na wenzao. Leo timu za namna hiyo ziko katika nchi nyingi duniani, na ushauri wa zamani wa kuufunga mkono umebadilika: mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi, yanafaa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa bahari. Kafi na mtumbwi havikuagizwa kutoka Kanada. Tuna Hori ya Kilifi iliyotulia. Tuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko ya Mida. Tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, ngazi za Mnarani, na korongo la Marafa tunaloliita Nyari. Wageni hupanda ndege kuja kuyaona haya. Je, ni wangapi kati ya waliopona hapa kwetu wamewahi kupelekwa huko na watu wao?

Mtu anaweza kuuliza: safari itamsaidia nini mgonjwa? Fikirieni mwili wake umefanyiwa nini. Miezi mingi umekuwa wa kuchomwa sindano, kupimwa, kukatwa na kuamuliwa na wengine. Siku anaposhuka Nyari kwa miguu yake na kupanda tena, mwili ule unamrudia mwenyewe. Hapo anajifunza kutofautisha uchovu wa kutembea na uchovu wa ugonjwa.

Na kuthubutu hakupimwi kwa urefu wa mlima. Kwa mmoja ni kuvuka hori kwa mtumbwi. Kwa mwingine ni kwenda sokoni bila kilemba wakati nywele bado ni fupi. Kwa mzee aliyeondolewa tezi dume na ambaye mkojo humponyoka, kukaa harusini saa mbili ni safari kubwa kuliko Mlima Kenya. Kila mtu achague mlima wake.

Kama muuguzi nina maonyo, na nayasema ili safari ifanikiwe. Muulize daktari au afisa wa kliniki kwanza, hasa kama saratani iligusa mifupa, kama damu imepungua, au kama kidonda hakijafunga. Mwenye ganzi ya miguu avae viatu vilivyofungwa, kwa sababu anaweza kukanyaga mwiba asihisi. Mkono ambao tezi zake zilitolewa ukingwe na jua kali, michubuko na kuumwa na mbu, na ukivimba au kuwa mwekundu na moto, aje kituoni siku hiyo hiyo. Aliyepata mionzi ya nyonga huenda akahitaji choo mara kwa mara, basi panga safari ukijua vyoo viko wapi, wala usimwache aone haya kuuliza. Aliyetibiwa saratani ya umio anakula kidogo kidogo, chakula laini, kwa hiyo msimpitishe saa za kula. Ondokeni alfajiri au alasiri, si saa saba mchana. Na safari iende kwa mwendo wa aliye wa mwisho.

Naomba pia tuseme ukweli wote. Kujitolea na kuthubutu haviponyi saratani. Kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha pesa za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani iliporudi mapafuni na kumsimamisha. Alifariki Juni 1981, hata miaka 23 hajafikisha. Mbio zake hazikumponya, lakini hadi leo watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake, na pesa zinaendelea kugharimia utafiti kwa ajili ya watu ambao hakuwahi kuwajua. Kwa hiyo hata yule ambaye saratani haijamtoka, anayeishi nayo kwa dawa, ana haki ya jembe lake. Tusimsubirishe apone ndipo tumhesabu.

Na tafadhali, tusimwambie mtu kwamba saratani ilikuja kumfundisha kitu. Maana ya yaliyompata ataitafuta mwenyewe, na huenda akaipata akiwa amemshika mwenzake mkono kwenye benchi la hospitali. Kazi yetu ni kumwachia nafasi kwenye benchi.

Namalizia na maombi manne. Familia, wiki hii mrudishieni jambo moja mlilomnyang'anya, na mumuulize yeye ni lipi. Vyama, makanisa na misikiti, nafasi aliyoiacha aliyekuwa mgonjwa muulizeni kama anaitaka tena. Wahudumu wa afya ya jamii, mnaingia kila boma. Mkikuta waliomaliza matibabu, waulizeni kama wangependa kujuana, na wakikubali, wakutanisheni. Watu watatu na chai vinatosha kuanza.

Nanyi mliopitia saratani mlioko hapa, najua wapo mnaokaa nyuma ili msijulikane. Hakuna atakayewaita mbele leo. Lakini kuna mtu katika wadi yako ambaye ameambiwa habari hiyo mwezi huu na anadhani maisha yake yamekwisha. Wewe unajua jambo ambalo mimi, kwa masomo yangu yote, siwezi kumwambia akaniamini. Ukiwa tayari, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe, muulize muuguzi, na sema una nafasi siku gani.