Picha ya Simu Ikiwa na Giza



Leo tuzungumze juu ya picha za simu. Wengi wetu tunayo picha ya mzee wetu, marehemu. Alikaa mlangoni, jua likiwa nyuma yake. Uso ukatoka mweusi ti. Je, tuifute? Hapana! Mara nyingi uso bado umo ndani ya giza lile.

Picha ya simu ni nukta nyingi ndogo ndogo. Kila nukta ina namba za mwanga, kwa kawaida toka 0 mpaka 255. 0 ni giza kabisa. 255 ni mwanga kamili. Tukiongeza mwangaza, namba zinapanda, uso unaonekana. Tukiongeza utofautishaji, penye mwanga panazidi kung'aa, penye giza panazidi giza.

Lakini twende pole pole. Namba haipiti 255. Tukizidisha, kanzu ya mzee inakuwa nyeupe tupu, mikunjo yake yote imepotea.

Basi tufanye nakala kwanza, tusahihishe nakala hiyo. Picha ya asili tuitunze. Marehemu hapigwi picha tena.